Mfumo Unasema Hivi, Kauntabuku Inasema Vile

Madodoso 14 kati ya 52 ya utafiti wangu wa mwaka wa tatu niliyajaza mwenyewe, usiku, chumbani, kwa kalamu mbili za bluu na moja nyeusi. Naanza na hilo ili tusizungushane. Baadaye niliyatoa, na nitaeleza kilichonifanya niyatoe, lakini niliyajaza, na najua siko peke yangu kwenye hostel zetu hizi.

Kichwa cha utafiti kilikuwa kama vichwa vingine vyote mnavyovijua: mchango wa mfumo wa ERP katika utendaji wa taasisi ya umma, mfano wa taasisi fulani. Nenda maktaba kwenye rafu ya tafiti za shahada ya kwanza, uone vilivyojipanga kama wanafunzi mstarini. Kinachobadilika ni jina la taasisi na rangi ya jalada. Ukifungua sura ya tano, yote yanasema mfumo una mchango chanya na wa maana, changamoto ni mtandao na uhaba wa mafunzo, inapendekezwa mafunzo yaongezwe. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya tafiti hizo, pamoja na rasimu yangu ya kwanza, hazijapima mfumo wowote. Zimepima adabu ya mtumishi mbele ya bosi wake.

Kwa ndugu zangu wa fani nyingine: ERP ni programu moja kubwa inayobeba uhasibu, manunuzi, stoo, mishahara na taarifa za wafanyakazi juu ya kanzidata moja, ili kitu kikiingizwa mara moja kionekane kila idara. Kabla yake kila ofisi ilikuwa na leja yake, na leja hizo zilikuwa hazisalimiani. Mbegu ilitoka viwandani. Mwaka 1964 Mmarekani Joseph Orlicky alibuni utaratibu wa kupanga mahitaji ya malighafi kwa kompyuta, Black & Decker wakawa wa kwanza kuutumia. Mwaka 1972 vijana watano waliotoka IBM wakaanzisha SAP huko Ujerumani. Jina lenyewe, ERP, lilitolewa na kampuni ya Gartner mwaka 1990. Hapa kwetu watu wa uhasibu wanaikumbuka Epicor iliyotumika serikalini miaka mingi, kisha ikaja MUSE iliyojengwa na wataalamu wa ndani. (Wabishi watasema MUSE si ERP kamili, ni mfumo wa malipo na uhasibu. Sawa, nakubali, tuendelee.) Na wewe uliyelipa ada kwa ile namba ya kumbukumbu ya malipo tunayoiita kontroo namba, umepita kwenye GePG, mlango wa malipo wa Serikali ambao unatakiwa uzungumze na mfumo wa chuo. Unatakiwa. Nitarudi hapo.

Sasa field yangu. Nilipangiwa idara ya ugavi kwenye taasisi ambayo sitaitaja, na nikawekwa stoo kwa mama mmoja mtunza stoo, mtu wa miaka ishirini na kitu kazini. Wafanyakazi wanaotumia mfumo walikuwa 60. Kanuni ya Yamane, ambayo chuo hiki kinaiheshimu kuliko Katiba, ikasema niwahoji 52. Nikachapa madodoso 52 steshenari, nikampelekea mkuu wa idara, naye kwa roho nzuri kabisa akayagawa mwenyewe kwenye kikao cha Jumatatu na kuyakusanya Ijumaa. Yalirudi 38. Hapo ndipo kalamu tatu zilipoingia kazini.

Kitu kimoja kilinichekesha wakati ule, sasa hivi hakinichekeshi. Kabla ya kuongeza yale yangu 14, alfa ya Cronbach kwenye kipengele cha ubora wa taarifa ilikuwa 0.58, na si mnajua mtihani wa kwanza wa supavaiza ni kama imefika 0.7. Nilipoongeza ya kwangu ikapanda hadi 0.74. Yaani uongo wangu ulikuwa na mpangilio mzuri kuliko ukweli wa watu 38. SPSS ilifurahi. Watu 44 kati ya 52, asilimia 84.6, walikubali au walikubali kabisa kwamba mfumo unatoa taarifa sahihi na kwa wakati.

Wakati huohuo, mita mbili kutoka nilipokaa, chini ya kibodi ya yule mama kulikuwa na kauntabuku ya kwaya tatu.

Ilikuwa inafanya kazi hivi. Mfumo hauruhusu kupokea mali stoo kama LPO haijaidhinishwa, na LPO inapita kwa watu wanne, mmoja wao safarini Dodoma karibu kila wiki. Lakini bomba la maji likipasuka jengo la utawala halisubiri mtu arudi Dodoma. Msambazaji anapigiwa simu, analeta mabomba, mama anayapokea, anaandika kwenye kauntabuku tarehe, idadi, nani kaleta, nani kachukua, fundi anaenda kufunga. Karatasi za idhini zinafuata baadaye. Ijumaa mchana, mtandao ukiwa umetulia kwa sababu nusu ya watu wameenda msikitini na nusu nyingine wameshaanza wikiendi, mama anakaa na kauntabuku upande wa kushoto na kuingiza kila kitu kwenye mfumo kwa mkupuo. Kwa hiyo ukiuliza mfumo siku ya Jumatano kuna mabomba mangapi, utakujibu bila kusita, na jibu litakuwa si kweli.

Nilimuuliza: mama, mbona kwenye dodoso umeweka tano kila mahali? Nilikuwa nimelitambua kwa wino wake wa kijani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama samaki anaogelea. "Mwanangu, karatasi nimepewa na bosi wangu mkononi. Unataka niandike mfumo mbovu, halafu yeye ndiye aliyeusimamia ununuliwe?" Kisha akaongeza kitu ambacho kimenikaa mpaka leo: "Na wewe pia nilikuonea huruma. Nikasema nikuwekee tano tano, ufaulu."

Hayo hayamo kwenye sura ya tatu ya mtu yeyote. Huwa tunaandika kwamba wahojiwa walishiriki kwa hiari na kwa usiri.

Yangeishia hapo ningekuwa na kisa cha kuchekesha tu. Wiki ya sita wakaja wakaguzi wa ndani. Wakalinganisha vocha za karatasi na mfumo, wakakuta mabomba yaliyotolewa stoo tarehe 12, Jumatatu, wakati mfumo unaonyesha yamepokelewa tarehe 16, Ijumaa. Mali imetoka siku nne kabla ya kuingia. Kwa mkaguzi hiyo ina maana mbili tu, na zote ni mbaya. Mama akapewa barua ya kujieleza ndani ya siku saba.

Siku ile nilikuwa na laptop wazi pale pale, sura ya nne imekamilika, jedwali linasema asilimia 84.6 wanakubali kwamba taarifa za mfumo ni sahihi na za wakati. Fikirini mkaguzi angeniomba utafiti wangu. Ungekuwa ushahidi dhidi yake: mfumo uko safi, wenzake wote wanasema uko safi, sasa wewe peke yako tarehe zako zimepindaje? Mtu aliyenionea huruma nifaulu, na mimi nimemwekea shahidi wa uongo, wengine 14 nimewaumba kwa mkono wangu.

Kilichomwokoa ni ile kauntabuku. Aliiambatanisha na barua. Kila bomba lilikuwa na tarehe yake, sahihi ya fundi, na namba ya gari la msambazaji. Wakaguzi waliandika hoja kuhusu utaratibu wa idhini na si kuhusu yeye. Usiku ule niliyachana yale madodoso 14.

Nikabaki na 38, na hapa kuna jambo ambalo wapenda takwimu waliangalie. Hata baada ya kuyatoa ya kwangu, watu 30 kati ya 38, asilimia 78.9, bado walikubali kwamba taarifa ni sahihi na za wakati. Hao hawakuwa wa kuumbwa. Kwa hiyo kupika data ni dhambi, lakini hata data mbichi ilikuwa imeshaungua kabla haijafika kwangu. Basi kwa ruhusa ya mama na ya mkuu wa idara, nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya tangu siku ya kwanza: nikachukua mapokezi 40 ya mwisho kwenye kauntabuku na kuyalinganisha moja moja na tarehe za kwenye mfumo. Yaliyoingizwa siku ileile yalikuwa 11. Yaliyobaki 29 yaliingia baadaye, la mwisho kabisa siku tisa baadaye. Kazi ilinichukua siku mbili na penseli.

Tatizo haliko kwetu wanafunzi tu, liko pia kwenye nadharia tunazozibeba bila kuzipima uzito. Karibu sote tunamtumia Fred Davis wa mwaka 1989 na ile TAM yake: mtu ataikubali teknolojia akiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Someni makala yenyewe jamani, msiishie kwenye madesa. Davis aliwauliza watumiaji wa kompyuta kwenye maabara ya IBM huko Toronto kuhusu barua pepe na programu ya kuhariri mafaili, kisha wanafunzi wa MBA mjini Boston kuhusu programu za michoro. Mtu kama hakuipenda programu, angeiacha. Mama wa stoo hana pa kuuacha mfumo. Akiuacha hapati mshahara. Kumuuliza kama anakubali kuutumia ni kama kumuuliza askari jela kama anakubali geti. DeLone na McLean nao, wenye modeli ya mafanikio ya mifumo ya mwaka 1992, walipoirudia mwaka 2003 walilazimika kulijibu swali hili la matumizi ya lazima, maana wakosoaji walikuwa wameshalishika. Sisi tunanakili mchoro wa visanduku na mishale, mabishano tunayaacha.

Na wapo watafiti waliofanya kazi ya kwenda kuangalia. Mwaka 2000 Christina Soh na wenzake walichapisha utafiti kuhusu hospitali za umma za Singapore zilizonunua ERP. Hawakuishia kuuliza kama watu wanaridhika. Walitafuta mahali mfumo na hospitali vilipogombana. Mojawapo ilikuwa jina la mgonjwa. Mfumo ulitaka jina la kwanza, la kati na la ukoo kwa mtindo wa Kizungu, wakati wagonjwa ni Wachina, Wamalay na Wahindi, kila kundi na mpangilio wake. Kitu kidogo kama hicho, mapokezi yanachanganyikiwa. Nilipousoma nilimkumbuka rafiki yangu ambaye kwenye cheti cha kidato cha nne ana majina mawili, cha sita matatu, na mfumo wetu wa usajili umemgeuza babu yake kuwa jina lake la ukoo. Richard Heeks wa Manchester yeye aliandika mwaka 2002 kuhusu umbali kati ya mfumo ulivyochorwa na hali halisi ya ofisi unakopelekwa, na jinsi watu wa ofisi hiyo wanavyouziba umbali huo kwa ubunifu wao wenyewe. Kauntabuku chini ya kibodi ndiyo hiyo.

Msidhani ni mambo ya nchi maskini. Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, mwaka 1999 iliubana mradi wa miezi 48 ukawa wa miezi 30, mfumo wa dola milioni 112, ukawashwa msimu wa pipi za Halloween unakaribia. Oda za takriban dola milioni 100 hazikufika madukani, na pipi zilikuwepo. Moja ya sababu zilizoelezwa baadaye ni kwamba sehemu ya mzigo ilikuwa imehifadhiwa kwenye maghala ya muda ambayo watu walikuwa wanayajua kichwani, ila hayakuwa yameandikishwa kwenye mfumo. Lidl, maduka ya Wajerumani, walitupa mradi wao mwaka 2018 baada ya miaka saba na takriban yuro milioni 500. Wao walizoea kuthamini bidhaa kwa bei ya kununulia, mfumo ulikuja umezoea bei ya kuuzia, na hakuna aliyekubali kubadilika. Nikiyasoma hayo najiuliza kama mwanafunzi wa field kwenye ghala la Hershey angegawa madodoso mwaka 1998, angepata asilimia ngapi.

Kuna pingamizi moja lenye uzito, nililipata kwenye paneli. Mwalimu mmoja aliniuliza: huoni kwamba kauntabuku ndiyo mlango wa wizi, na mfumo umeletwa kuufunga? Swali halali. Leja ya pembeni inaweza kuficha mengi, na si kila mtunza stoo ni mama yule. Lakini mfumo nao haufungi mlango kwa kuwepo tu. Majirani zetu Kenya walikuwa na IFMIS yao ilipoibuka kashfa ya NYS mwaka 2015, shilingi milioni 791 za Kenya, na afisa mmoja akadai nywila yake ilitumiwa na watu wengine. Malipo yalipita ndani ya mfumo, na kumbukumbu zimekaa vizuri. Ndiyo maana nasema kauntabuku na mfumo visomwe pamoja, mstari kwa mstari, maana tofauti kati yake ndiko kwenye habari.

Mwalimu mwingine aliuliza swali alilokuwa amelisubiri tangu ukurasa wa kwanza: "Rigresheni yako iko wapi?" Nikamwambia sina, nina mapokezi 40. Nilipata B. Sitajifanya haikuniuma, maana jirani yangu chumbani ana A na madodoso yake namfahamu aliyeyajaza, nilimshikia taa umeme ulipokatika.

Supavaiza wangu, namshukuru, hakunizuia. Alinionya tu: "Ukiandika hiki, kilinde chanzo chako." Na hilo ndilo lililonipa shida kuliko takwimu. Kumuuliza mtu anavyozunguka mfumo ni kumuuliza anavyovunja utaratibu. Niliondoa jina la taasisi, mkoa, na aina ya mali (mabomba hayakuwa mabomba). Kitu ambacho idara yetu ingeweza kukifanya kesho asubuhi, bila bajeti, ni kupiga marufuku madodoso kugawiwa na wakuu wa idara. Yaende kwa bahasha, yarudi kwa bahasha iliyofungwa. Na mwanafunzi anayetaka kukaa stoo wiki nane na kuangalia, asilazimishwe kutafuta watu 52 ili Yamane alale vizuri.

Sasa nirudi kwenye ada, maana nilisema nitarudi. Mtihani wa mwisho wa muhula uliopita, dada mmoja wa darasa letu alizuiwa mlangoni. Alikuwa amelipa siku sita kabla. Ujumbe wa benki anao, risiti anayo, yule wa mlangoni anamwonyesha orodha: mfumo unasema hujalipa. Alikimbia ofisi ya uhasibu, wakamwambia wao wanaona amelipa, arudi mlangoni. Mlangoni orodha ni ileile iliyochapwa jana yake. Aliingia dakika 50 zimeshapita, na somo lile ana sapu. Nikiuliza watu, kila mtu ana kisa cha namna hiyo. Tukienda kulalamika tunaambiwa ni kesi moja moja, mfumo kwa ujumla unafanya kazi, na kuna utafiti umeshafanyika hapa chuoni unaoonyesha wanafunzi wengi wanaridhika. Najua ulivyofanyika. Niliwahi kulijaza dodoso lake nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikaweka nne nne mpaka mwisho ili niwahi wali.

Kwa hiyo mimi na wenzangu wawili tumenunua kauntabuku. Kwaya mbili, bei ndogo. Ina safu tano: tarehe uliyolipa, saa, tarehe iliyoonekana kwenye mfumo wa chuo, ulichokosa katikati, na sahihi yako. Hatuandiki jina wala namba ya usajili, na risiti tunaiangalia tu, tunakurudishia. Mpaka naandika hapa kuna mistari 31, wa mbali zaidi siku 13. Ikifika 100 tutaipeleka kwa waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi, naye aipeleke uhasibu ilinganishwe na tarehe zao. Kauntabuku inakaa kwa wakala wa kuchapa karibu na kantini, kila siku saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Njoo na risiti.